Nchi ya Korongo na Jina Alilolilia Mjukuu Wangu

Haya, akina mama wa Jumapili, nimerudi, na mmeshanichosha kwa maswali. Kila anayenikamata pale kituo cha basi Thornton Heath anauliza lile lile: "Mama Neema, jina limepita?" Nikisema ni habari ndefu, mnanuna. Basi naiandika mara moja, muisome wote, na atakayeniuliza tena baada ya hapa atanunua maandazi ya kikundi kizima.

Kwa ambaye hakuwepo siku ile nilipowaaga: Neema ni mwanangu wa pekee, mmemwona akikua hapa hapa, mtoto wa Croydon, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Alisomea ndege. Ndiyo, ndege wa angani, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia watu anasomea "sayansi" nikaishia hapo. Ndege wakampeleka Marekani, jimbo la Nebraska, akaolewa na kijana wa huko anaitwa Daniel, na mwaka huu akajifungua mtoto wa kike.

Mtoto akaanza kulia. Si kilio cha njaa wala cha tumbo. Madaktari wakampima kichwa mpaka unyayo, hawakuona kitu. Na jina hakuwa nalo, maana Neema aliniambia kwenye simu wanasubiri lije lenyewe. Mimi niliposikia hayo mawili pamoja, mtoto analia na hana jina, nilikata simu nikaanza kutafuta sanduku.

Kwetu Tabora mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, analilia jina. Watu wazima hukaa naye, wakayataja majina ya waliotangulia, moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Hakuna cha kupenda wala kutopenda.

Na mimi nilishajua ni nani. Ni mama yangu, Kalunde. Alifariki mimi nikiwa huku kazini, nikafika kwetu arobaini imeshapita na nyasi zimeota kaburini. Mjukuu akiitwa jina la mama yako, mnajua, unamwita "mama". Unamwamkia, unamtania, unamwomba radhi. Tangu yule mama aondoke sina mtu wa kumwita hivyo kwa maana yake. Hilo ndilo nililolifuata Marekani, nisiwadanganye.

Rayners Lane kwanza, halafu Heathrow

Siku ya kuondoka nilipanda treni mpaka Rayners Lane, London nzima upande wa pili, kwa sababu ya pilipili manga. Mzazi anataka uji wa ulezi wenye pilipili manga ya kumchoma mpaka kifuani, na pilipili manga ninayoiamini iko kwenye duka moja tu, la Bi Shirin, karibu na kituo.

Bi Shirin mnamjua. Alizaliwa Unguja, wakaondoka baada ya Mapinduzi yeye bado msichana wa shule, wakapita Mombasa, wakapita Kampala, hata wakafika hapa. Nikamweleza safari yangu huku ananisagia.

"Mama Neema," akasema, "weye wenda kumfata mtoto au wenda kufata jina?"

"Vyote viwili, Bi Shirin."

"Basi chunga. Mie hapa Harrow naitwa Muganda, kwa kuwa tulishuka ndege tukitokea Kampala. Nilikaa Kampala muda mdogo tu! Unguja nilikozaliwa hakuna ajuaye. Jina la mtu halifati unavotaka." Akafunga kifuko, akaongeza iliki za bure.

Nikacheka nikamwambia asinitie mkosi asubuhi yote ile. Yale maneno nikayasahau kabla treni haijafika Heathrow.

Chicago, na mbwa wa forodha

Safarini angani sina la kusema. Nililala, nikaamka, nikapewa kuku asiye na chumvi, nikalala. Mambo yalianzia Chicago.

Kuna mbwa mdogo pale mwenye koti la kazi, kakaa kama afisa kamili. Akapita mabegi yote, alipofika kwangu akaketi chini na kunitazama usoni. Sijawahi kutazamwa hivyo na mnyama. Afisa wake, dada mmoja mpole, akanifungulia sanduku juu ya meza: ulezi, pilipili manga, dagaa, kanga, na mbeleko ya mtoto.

"Dagaa za nini?"

"Za mzazi."

"Na huu ungaunga?"

"Wa mzazi."

"Na hivi vitambaa?"

Nikasema hivi ni vya mama yangu. Akauliza mama yangu yuko wapi. Nikasema alishafariki, lakini nadhani amerudi, yuko Nebraska, ana wiki tatu. Jamani, nilikuwa nimechoka! Yule dada akanitazama, akamtazama mbwa, akaenda kumwita mkubwa wake. Mpaka nimemaliza kueleza desturi za Wanyamwezi kwa wazungu watatu waliosimama, ndege ya Omaha ilikuwa imeondoka. Dagaa walichukua. Ulezi na pilipili walinirudishia kwa heshima.

Halafu theluji ikafunga uwanja. Nikakaa kwenye kiti cha chuma siku nzima, nimejifunika kanga mbili, nasikia kwa simu mjukuu wangu analia nyuma ya sauti ya mama yake. Sikuwa na la kufanya. Machozi yakanitoka hadharani.

Mama mmoja mfagiaji akasimamisha toroli lake mbele yangu. "Mama," akasema kwa Kiswahili, "iyi kanga ni ya kwetu. Uko unalilia nini?"

Mkongo wa Bukavu! Anaitwa Mama Furaha. Muda wake wa kula ulipofika akaja na bakuli lake: ugali na sombe, ndicho kisamvu chetu hiki hiki, kimekolea mawese. Tukala kwa mkono, watu wanapita na masanduku yao wanatutazama. Nikamweleza kuhusu mtoto. Hakushangaa hata kidogo.

"Kwetu pia iko hivyo," akasema. "Lakini mama, umejipanga na jina moja tu? Na mutoto akikataa?"

"Hatakataa."

Akacheka mpaka akashika toroli. Nikamwachia kanga moja, naye akaniachia namba yake ya simu, nimjulishe jina likipatikana. Kesho yake theluji ikaachia.

Omaha mpaka mtoni, kwa pikapu ya mkwe

Aliyenipokea Omaha alikuwa Ruth, mama yake Daniel, mkwe mwenzangu. Mama mrefu, mwembamba, mvi zimefungwa nyuma, viatu vya shamba. Nikamkumbatia, nikaanza kumsalimu kama mtu na mkwewe: habari za nyumbani, za wazee, za mifugo, za mtoto, za safari ya kuja kunichukua.

"Nzuri," akasema Ruth. Akabeba sanduku langu kama kikapu cha mayai, tukaenda.

Akina mama, njia ile ni ndefu na Ruth hasemi. Mimi kukaa kimya ndani ya gari ni adhabu. Nikasifia barabara: "Ndiyo." Nikauliza mashamba yale makavu ni ya nini: "Mahindi." Nikajiambia, basi, huyu hanitaki. Kamleta mwanawe duniani, mwanawe kaoa mtoto wa Mnyamwezi wa Croydon, na sasa mama mtu anakuja na unga wake kumtawala jikoni. Kituo cha mafuta akaninunulia mkate mkubwa uliojazwa nyama ya kusaga na kabeji, moto moto, akanipa bila neno. Ulikuwa mtamu. Nikala wote nikiwa nimenuna.

Baada ya hapo nikaona kondoo. Shamba zima la mahindi yaliyovunwa lilikuwa na kondoo wa kijivu, wengi ajabu. Nikasema, angalau nimpe mkwe sifa, "Mna kondoo wengi huku."

Ruth akanitazama mara ya kwanza tangu Omaha. Akapunguza mwendo, akaegesha pembeni, akashusha kioo cha upande wangu.

Kondoo mmoja akainua shingo.

Yesu wangu! Shingo ndefu ile, na kipaji cha uso chekundu kama kapaka rangi. Halafu mwingine akainua, na mwingine, na wote wakawa ndege, wamesimama urefu wa kufika kiunoni mwangu, wanachokora punje za mahindi. Mmoja akaruka juu akatandaza mabawa, mwenzake akainama, wakaanza kucheza ngoma. Naapa. Wanarushana vijiti, wanaruka, wanatua, wanainamiana kama wakwe wanaoheshimiana. Na sauti yao! Inatoka kooni, inagongagonga, unaisikia mpaka mbavuni. Nikakaa mdomo wazi na makombo ya kabeji mapajani.

Hao ndio ndege wa Neema. Ni korongo, jamaa ya yule korongo wetu mwenye taji, ila hawa taji hawana. Kwa Kiingereza wanaitwa korongo wa vilima vya mchanga. Nikamuuliza Ruth kama wanaangulia mayai kwenye hivyo vilima.

"Hapana," akasema. "Vilima viko kaskazini ya hapa, si mbali. Wao wanaangulia mbali sana, Kanada, Alaska, wengine ng'ambo ya bahari huko Siberia. Msimu wa baridi wanakaa Texas na Mexico. Hapa wanapumzika tu wiki chache, wanakula, wanaondoka."

"Sasa kwa nini wana jina la hapa?"

Ruth akafikiri. Akawasha gari. "Nadhani ni kwa sababu hapa ndipo waliposubiriwa," akasema, na hayo ndiyo maneno marefu niliyoyapata kwake siku ile. Nikayaweka.

Jikoni kwa Ruth

Neema na Daniel wanakaa nyumbani kwa Ruth, nyumba ya mbao katikati ya mashamba. Nilimsikia mjukuu kabla sijafika mlangoni. Neema alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Akaniangukia kifuani, akasema kwa Kiingereza chake kwamba hajalala. Nikanawa mikono, nikampokea mtoto.

Mzuri! Shavu hili, na nywele zimejikunja kama za babu yake. Analia, amekunja ngumi, mwekundu. Nikamfunga mbeleko. Akalia ndani ya mbeleko.

Jiko la Ruth lina meza moja nzito ya mwaloni, imechimbikachimbika kwa visu. Daniel aliniambia ilikuwa ya bibi yake, mama yake Ruth, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuingia nyumba ile akaondoka bila kuketi pale. Basi nikapikia pale uji, Neema akanywa akatokwa jasho, na Ruth naye akapewa bakuli. Akameza kijiko kimoja, pilipili manga ikamshika, macho yakajaa maji. Akamaliza bakuli lote. Nikaanza kumheshimu kidogo.

Jioni ile nikawakalisha. Nikamshika mtoto, nikavuta pumzi, nikasema polepole, "Kalunde."

Akalia.

Nikadhani hakusikia. Nikamsogeza sikioni. "Kalunde, mama yangu. Ni wewe?" Akalia zaidi, miguu ikapiga teke.

Haya. Nikasema labda ni bibi mzaa mama, Nyamizi. Kilio. Kabula. Kilio. Tabu, ambaye tangu zamani nilijua hawezi kuwa yeye, maana Tabu alikuwa na mdomo mchafu, lakini nikamtaja. Nikaingia kwa waliobatizwa: Veronika, Pelagia, Skolastika. Kwa Skolastika alilia mpaka akakohoa. Nikarudi kwa Kalunde, kwa kubembeleza, kwa ukali, kwa kuimba. Nilirudia siku ya pili na ya tatu. Neema alikuwa anajua ninachofanya, nilimhadithia tangu utotoni, akawa ananiangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. Ruth alikaa pembeni ameinamisha kichwa na kukunja mikono. Baadaye nilijua alidhani ni sala.

Kibandani alfajiri

Neema akasema nimekuja mbali, siwezi kuondoka sijaona mto. Nikamwambia mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba ndege wale nao ni wazazi na wanatoka mpaka kufika Siberia. Huyu mtoto nani kamfundisha kujibu? Tukaenda alfajiri, nimemvika makoti mawili na kanga kichwani, mtoto tukamwacha kwa baba yake na chupa ya maziwa.

Ukingoni mwa mto kuna kibanda kirefu cha mbao chenye vidirisha, ndipo Neema anapofanyia kazi yake ya kuwaongoza wageni. Sheria ni moja: kimya. Husemi, hukohoi, huwashi simu, maana korongo wanalala wamesimama ndani ya maji, na wakishtuka huruka wote kabla ya wakati wao, wakapoteza nguvu wanayoihitaji kwa safari. Kulikuwa na wageni wengine, wazee kwa vijana, wenye kamera ndefu kama bomba la jiko. Neema akanitazama mimi peke yangu aliposema neno kimya.

Tukakaa gizani. Baridi ilinipanda kwenye magoti. Mwanzoni niliona mto una visiwa vya kijivu. Anga likapata rangi kidogo, na kisiwa kimoja kikanyoosha mguu.

Akina mama, vilikuwa ni wao. Mto mzima, juu mpaka macho yanapokoma na chini mpaka yanapokoma, korongo wamesimama bega kwa bega ndani ya maji. Wakaanza kusemezana, huku kidogo, kule kidogo, hata sauti ikajaa dunia nzima. Nilihisi mbao za kibanda zinatetemeka chini ya viganja vyangu. Nimeona bahari, nimeona mlima Kilimanjaro kwa dirisha la ndege, nimeona watoto wengi wakizaliwa mikononi mwangu katika hospitali za London. Sijawahi kuona kitu kilichonifanya nijione mdogo hivyo na nikashukuru. Nilitaka kuvua viatu.

Jua likachungulia, na kundi moja likanyanyuka. Likapita juu ya kibanda, mabawa yanagusana, wingu zima linalopiga kelele kwa furaha.

Nami nikapiga vigelegele.

Sikuamua! Ulimi ulikwenda wenyewe. Kwetu neema ikiingia mlangoni, mwanamke haikalii kimya, na ile ilikuwa neema ya kutisha. Nilipiga kigelegele cha harusi, kile kirefu, ndani ya kibanda cha mbao, na mto wote ukanyanyuka. Wote. Ilikuwa kama ardhi imeng'olewa. Anga likawa jeusi, kelele zikatufunika, na kulipotulia mto ulikuwa maji matupu na manyoya machache yanaelea.

Mzee mmoja akashusha kamera yake. Neema alikuwa ameziba uso kwa viganja viwili.

Niliomba radhi kwa kila mtu, mmoja mmoja. Kwa ndege sikujua pa kuombea. Garini Neema alishika usukani, macho mbele. Nikajiambia, vizuri sana, Mama Neema. Ulikuja kuleta jina, umeshindwa, na sasa umemwaibisha mwanao kazini kwake.

Jina

Tulirudi tukamkuta mtoto analia na Daniel amechoka. Ruth yuko mezani anamenya viazi. Akauliza kama tumewaona ndege. Neema akamwambia yote kwa sauti ya uchovu, mpaka kigelegele. Ruth akaweka kisu chini, akanigeukia.

"Fanya," akasema.

"Nifanye nini?"

"Hiyo sauti. Nataka kuisikia."

Sikuwa na heshima ya kupoteza tena, nikaipiga, kwa chini chini. Ruth akaanza kucheka. Yule mama mkavu alicheka mpaka akashika meza, machozi yanamtoka, nikadhani anaumwa.

"Mama yangu!" akasema. "Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Kila Machi korongo wa kwanza wakipita, alitoka uani na aproni yake, akawapigia kelele mpaka majirani wakatusema kanisani. Baba alimwomba aache. Lakini Alma, ndilo jina lake, hakuacha mpaka kufa."

Nikasikia saa ya ukutani. Sikuwahi kuisikia kabla, siku zote zile. Nikasikia na friji. Nikamtazama mtoto mikononi mwa Daniel. Amenyamaza. Macho wazi, meusi, ametulia kama maji ya mtungi.

Daniel na Ruth hawakutambua kitu, waliona tu bahati. Lakini mimi na Neema tulitazamana.

Nisiwafiche: nilijaribu kukwepa. Nikamsogelea mtoto nikanong'ona, "Kalunde." Mdomo ukapinda, kilio kikaanza. Nikasubiri. Nikasema, kwa uchungu wa roho yangu, "Alma." Kimya. Akapiga na mwayo! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sheria niliyoibeba mimi mwenyewe kutoka Tabora kupitia Thornton Heath, iliyoninyang'anya mpaka dagaa, ndiyo inanihukumu.

Ningeweza kukaa kimya. Ruth hajui desturi. Neema asingesema, ni mwanangu. Ningesubiri wiki moja mtoto akue kidogo, kilio kipungue chenyewe, nikasema, haya, Kalunde huyu.

Neema akanishika mkono. Na kwa Kiswahili, mtoto ambaye tangu aanze shule hajanijibu kwa lugha ile, akasema, "Mama. Mwambie."

Basi nikakaa mbele ya Ruth, nikasogeza viazi, nikamweleza. Kwamba sikuwa nasali. Kwamba mtoto alikuwa anamtafuta mwenye jina, na mwenye jina amepatikana, na si wa kwetu. Kwamba kuanzia leo huyu si mjukuu wako tu. "Mama yako amerudi, Ruth. Utamwita mama. Ukigombana na watu, utamshitakia. Akikua utamwamkia."

Ruth alikusanya maganda ya viazi mezani, moja moja. "Sikuthubutu kulipendekeza jina lake," akasema hatimaye. "Nilidhani jina ni haki yako. Umetoka mbali hivyo."

Kumbe! Kule garini mkwe hakuwa ananichukia. Alikuwa ananipisha.

Akanyoosha mikono, Daniel akampa mtoto. Akamtazama, mdomo unacheza, akasema mara moja tu, "Mama." Ndipo akalia, kilio cha mtu aliyekibana muda mrefu. Mimi niliinuka nikaenda dirishani, kwa kuwa nilikuwa na wivu, na sikutaka wivu wangu uonekane mbele ya kitu kile.

Nje korongo walikuwa wanashuka tena mashambani, wale wale niliowafukuza. Wamerudi kula mahindi kana kwamba hakuna kilichotokea. Neema akaja kusimama nami. Akaniambia wataalamu kwa Kilatini wamempa ndege huyu jina la Kanada, kwa sababu aliyechorwa wa kwanza alitoka kule. Watu wa kawaida wakampa la vilima vya mchanga. Nikauliza ndege mwenyewe anasemaje. Akacheka. Nikamkumbuka Bi Shirin na Kampala yake, nikakumbuka alichosema Ruth garini. Mjukuu wangu ametua hapa. Ameitwa jina la waliokuwa wanamsubiri hapa. Niliona ni haki, na bado iliniuma.

Kisha nikatoka uani nikapiga kigelegele kamili, cha mtoto aliyepata jina. Ndege wale hawakuinua hata shingo.

Kurudi

Mama Furaha nilimpigia. "Alma?" akasema. "Nilikuambia, mama! Umejipanga na moja tu!"

Nilikaa mpaka mto ulipoanza kuwa mtupu. Siku moja upepo wa kusini ulivuma, korongo wakapanda juu wakizunguka, wakawa vitone, wakaelekea kaskazini. Nami zamu yangu ikafika. Ruth aliendesha mpaka Omaha, Neema na mtoto nyuma. Safari hii tuliongea njia nzima. Kumbe Ruth anasema sana akishakuzoea, nusura nimwambie apumzike.

Kwenye mlango wa wasafiri nikamkumbatia Neema. Ruth akamtoa Alma kwenye kiti chake, akaniwekea mikononi.

"Muage vizuri," akasema.

"Nimeshamuaga."

"Hujamwita."

Nikamwambia ni mama yako, si wangu, sheria ni msumeno. Ruth akatikisa kichwa. "Mama yangu naye alikuwa na sheria yake. Aliyekula kwenye meza ile alikuwa mtoto wake, na hakuuliza ametoka wapi. Wewe umekula pale tangu ufike. Umepikia pale." Akanisogezea mtoto usoni. "Mwite."

Nilimtazama yule binti. Hana sura ya Kalunde, nisiseme uongo. Ana kidevu cha Ruth. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama anayejua nitachelewa lakini nitafika.

"Kwaheri, mama," nikasema.

Hakulia. Nililia mimi, kutoka Omaha mpaka Chicago, na yule mbwa wa forodha aliponiona kwa mbali kwenye ukumbi, nadhani alinipisha.